Gemu Hurudi, Sevu Hairudi

Shule zimefungwa, na katika nyumba zenye watoto na konsoli ya mkononi kuna maneno mawili yanayosikika kuliko salamu: "Nafasi haitoshi." Mtoto ameanza kupakua gemu mpya, bando la mama limeshaliwa nusu, na kifaa kimegoma njiani. Sasa anatafuta cha kufuta. Hapo ndipo panapohitaji mtu mzima, kwa sababu ndani ya kifaa kile kuna vitu vingi unavyoweza kuvifuta leo na kuvirudisha wiki ijayo, na kuna kimoja hasa ambacho kikienda kimekwenda.

Nitaizungumzia zaidi Nintendo Switch, kwa kuwa ndiyo iliyosambaa kuliko nyingine katika miaka hii, na pia kwa kuwa imepanga mambo yake kwa namna inayowachanganya wengi. Ilitoka tarehe 3 Machi 2017 ikiwa na GB 32 za ndani. Namba hiyo ni ya kwenye boksi. Mfumo wa kifaa hujitwalia fungu lake, na gigabaiti anayohesabu muuzaji ni ndogo kidogo kuliko ile inayohesabiwa na kifaa, kwa hiyo mwenye mali anabakiwa na kama GB 26. Siku hiyohiyo ilitoka gemu iliyowavuta watu madukani, The Legend of Zelda: Breath of the Wild. Ukiipakua, inachukua GB 13.4. Fanya hesabu mwenyewe: gemu moja imekula zaidi ya nusu, na nyingine ya ukubwa huo haiingii.

Matoleo yaliyofuata hayakuharakisha kurekebisha. Switch Lite ya mwaka 2019 ilibaki na GB 32 zilezile. Yenye kioo cha OLED, ya Oktoba 2021, ikapewa 64. Ilibidi tusubiri Switch 2, Juni 2025, ndipo tukapata GB 256. Usishangilie mapema. Gemu nazo zimekua: Cyberpunk 2077 ya Switch 2 inauzwa kwenye katriji ya GB 64, na hiyo ni karibu robo ya 256 kwa wenye kuipakua mtandaoni. Mtengenezaji akiongeza nafasi, waandishi wa gemu wanaijaza. Imekuwa hivyo tangu zamani na sioni kwa nini ibadilike.

Sasa tuingie ndani. Ukifungua sehemu ya mipangilio ya Switch, ukaenda kwenye usimamizi wa data, utakuta vitu vimegawanywa. Kuna gemu yenyewe, ndiyo mzigo mkubwa. Kuna masasisho, yaani marekebisho yanayokuja baada ya gemu kuuzwa, na kuna nyongeza za kununua. Kuna picha na video fupi ambazo mtoto hupiga akicheza. Video moja inaweza kuwa ya sekunde 30, na mtoto hapigi moja. Mwisho kuna sevu, kama vijana wanavyosema, yaani rekodi ya pale ulipofika: kijiji ulichojenga, mapanga uliyokusanya, timu uliyoipandisha daraja kwa misimu kadhaa. Sevu mara nyingi ni megabaiti chache tu. Kwa ukubwa haina lolote, lakini, ukiacha picha na video, ndiyo pekee iliyotengenezwa na mwanao. Gemu, masasisho na nyongeza vilitengenezwa na kampuni na vimekaa kwenye kompyuta zao vikisubiri kuombwa tena.

Mama mmoja msikilizaji aliniuliza swali ambalo nimelisikia kwa sura nyingi: "Nikimnunulia memori kadi kubwa, kifaa kikiibiwa si kadi itabaki na kila kitu?" Mama, kwanza mwizi hakuachii kadi. Pili, hata angeiacha, kwenye Switch sevu haikai katika memori kadi kabisa. Inakaa katika kumbukumbu ya ndani ya kifaa, hapo tu. Kwenye kadi zinakwenda gemu, masasisho, nyongeza, picha na video. Maana yake kadi ikipotea, mtoto analia kwa siku moja, unanunua nyingine, gemu zinapakuliwa upya, na anaendelea pale alipoishia. Kifaa kikipotea na kadi ikabaki mkononi, mna gemu zisizofunguka na hamna sevu. Watu wengi wanaamini kinyume chake, nao hulinda kadi kwa bahasha na kukiacha kifaa juu ya kochi.

Nimesema hazifunguki, na nifafanue. Gemu zilizopakuliwa kwenye kadi hufungwa kwa kifaa kilichozipakua. Kadi ya kaka mtu haichezeki katika kifaa cha mdogo wake. Kifaa cha pili kitaomba kuifomati, na mtoto asiyesoma vizuri atabonyeza "ndiyo." Katika nyumba yenye konsoli mbili, andika jina juu ya kila kadi kwa kalamu ya wino usiofutika, au usizitoe kabisa.

Basi mtoto akiambiwa nafasi haitoshi, afanye nini? Switch inampa njia mbili ambazo zinafanana kwa sura. Ya kwanza ni kuiweka gemu pembeni: data ya gemu inaondolewa, lakini alama yake inabaki kwenye ukurasa wa mbele, kama jina la mpangaji aliyehama ambalo bado liko mlangoni. Akiigusa, inaanza kupakuliwa tena. Njia ya pili ni kuifuta, na hapo alama nayo inaondoka. Katika njia zote mbili sevu haiguswi. Hili Nintendo wamelifanya vizuri na wanastahili kusifiwa. Sevu ina ukurasa wake wa kufutia, umewekwa mbali, na huwezi kufika huko kwa bahati mbaya isipokuwa umeamua kuranda. Sheria ya nyumbani iwe kwamba ukurasa ule hauguswi bila mkubwa kuwepo.

Tahadhari: usichukue mazoea ya Switch ukayapeleka kwenye kifaa kingine. Kwenye PS Vita ya Sony, ukifuta gemu, sevu yake inaondoka nayo. Kuna vijana walionunua Vita za mkono wa pili siku hizi, maana ni kifaa kizuri na kioo chake ni safi, wakafuta gemu ili kupata nafasi wakitegemea kuirudisha baadaye. Gemu ilirudi ikiwa kama ndiyo kwanza imetoka dukani.

Na kwa kuwa nimeitaja Vita, niruhusu niseme kidogo, kwa sababu hakuna kifaa kingine kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi nafasi ya kuhifadhi inavyoweza kuwa biashara ndani ya biashara. Ilitoka Japani Desemba 2011. Mtangulizi wake, PSP, alikuwa ameliwa sana na uharamia. Watu walipakia gemu za kunakili kwenye kadi na kucheza bure. Basi Sony wakaamua Vita itumie memori kadi za aina yake peke yake, zisizoingia popote pengine. Mwanzoni zilikuwa za GB 4, 8, 16 na 32. Marekani kifaa chenyewe, kile cha Wi-Fi, kiliuzwa dola 250, na kadi ya GB 32 peke yake ikawekwa karibu dola 100. Wakati huohuo microSD ya kawaida ya ukubwa ule, ile unayotia kwenye simu, ilikuwa rahisi kuliko hiyo kwa mbali. Zaidi ya hapo, kadi ilifungwa na akaunti moja. Kubadilisha akaunti lilikuwa jambo la kufomati.

Sitasema kadi ndizo zilizoiua Vita. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kumeza soko lote la gemu za mfukoni. Lakini mnunuzi aliyefika dukani akaambiwa bei ya kifaa, kisha akaambiwa kwamba gemu nyingi hazitahifadhi chochote bila kadi, na kadi ni hii hapa na haina mpinzani, yule alihisi ametegwa. Na alikuwa ametegwa. Uzalishaji wa Vita ulikoma mwaka 2019. Kadi zake sasa zinatafutwa kwa tochi, na mafundi huru wametengeneza adapta inayokaa kwenye tundu la katriji ili itumie microSD za kawaida, jambo linalohitaji kwanza kuvunja ulinzi wa kifaa. Sony walitaka kadi zao ziwazuie wahuni. Leo asiye mhuni ndiye anayetafuta njia ya kihuni ili atumie kifaa alichokinunua kwa halali.

Turudi kwenye memori kadi tunazozijua. Switch za kwanza, Lite na ile ya OLED zinatumia microSD ya kawaida, kama ya simu. Nintendo wanapendekeza ile inayosoma kati ya MB 60 na 95 kwa sekunde, na kadi nyingi za kampuni zinazojulikana hufika hapo. Hapana haja ya kununua zile za wapiga sinema zenye maandishi ya dhahabu, kifaa hakitaitumia kasi yao. Switch 2 ni habari nyingine. Inataka microSD Express, aina mpya na ghali zaidi, na ile ya zamani ukiitia itakusaidia kuhamisha picha na video tu, haitabeba gemu. Wajomba na mashangazi mlioko Uingereza, Muscat au Marekani, mnaotuma zawadi za sikukuu: kabla hamjaweka kadi kwenye mzigo, ulizeni ni Switch ya kwanza au ya pili. Swali hilo ni la sekunde tatu, na kadi isiyofaa haina wa kuirudisha dukani kutoka Temeke.

Hapa kwetu tatizo kubwa zaidi ni kadi feki. Nenda Kariakoo, nenda Luthuli Avenue Nairobi, utaonyeshwa kadi ya GB 512 kwa bei ambayo hata ya 64 halisi haipatikani.

"Kaka, hii ni orijino?"

"Orijino kabisa, dada'angu. Nikuongopee ili iweje?"

Huenda kaka yule naye hajui. Boksi ni zuri, maandishi yamenyooka, na ukiitia kwenye kifaa inasema 512. Hapo ndipo ulaghai wenyewe ulipo. Ndani ya kadi kuna chipu ya kumbukumbu na kichipu kingine kinachoisimamia na kuisemea. Mlaghai anachukua chipu ndogo, tuseme ya GB 16, kisha anampanga yule msemaji aseme 512 kila akiulizwa. Simu inaamini, kompyuta inaamini, konsoli inaamini. Gemu ya kwanza inaingia vizuri na inachezeka. Nafasi ya kweli ikijaa, kadi haipigi kelele: data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani, au inatupwa pasipojulikana, na kifaa kinaendelea kusema kimehifadhi. Utagundua siku utakapofungua gemu ukaambiwa data imeharibika. Ukaifuta, ukapakua tena GB 13, ikaharibika tena. Wengi hapo hulaumu konsoli au mtandao.

Dawa ipo, na haina gharama isipokuwa muda. Kuna programu za bure za kompyuta zinazopima kadi kwa kuijaza yote, kisha kuisoma yote na kulinganisha. Kwenye Windows inayojulikana zaidi ni H2testw. Kwenye Linux ipo F3. Kipimo hujaza nafasi iliyo wazi, na kadi ikiwa feki kinaweza kuharibu kilichomo, kwa hiyo kifanywe kadi ikiwa bado mpya na tupu. Kadi ya GB 128 ikiandikwa kwa kasi ya MB 20 kwa sekunde inachukua karibu saa moja na dakika 47 kwa kuandika peke yake, bado kusoma. Iache usiku. Na siku ya kununua, kubaliana na muuzaji kabla ya kutoa pesa: nitaipima, ikishindwa naileta kesho. Anayekataa sharti hilo amekujibu swali la kwanza.

Sasa niseme kuhusu katriji, maana kuna wazazi wanaofikiri wameukwepa mzigo huu wote kwa kununua gemu za dukani badala ya kupakua. Zamani ilikuwa hivyo. Tetris ya Game Boy, mwaka 1989, ilikuwa na kilobaiti 32 tu, na ilikuwa kamili tangu siku ya kwanza. Haikuwa na sevu yoyote. Ukizima, alama zako za ushindi zimepotea. Pokémon za kwanza, zilizotoka Japani mwaka 1996, ziliweka sevu ndani ya katriji yenyewe, zikishikiliwa na kibetri cha duara kama cha saa. Betri ikifa, sevu inakufa nayo, na watu wazima wa leo wanafungua katriji za utotoni mwao na kukuta hakuna kitu. Zilipokuja Gold na Silver mwaka 1999, Satoru Iwata, ambaye baadaye aliiongoza Nintendo, aliandika zana za kubana data ili picha zote zienee kwenye katriji. Wakati huo ubahili wa nafasi ulikuwa kazi ya mhandisi. Siku hizi ameachiwa mteja.

Angalia NBA 2K18 ya Switch. Ukinunua katriji yake bado ulihitaji nafasi ya ziada kwenye memori kadi. L.A. Noire ya mwaka huohuo wa 2017 ilikuwa na katriji pia, na bado ikakutaka upakue GB 14. Sababu haina siri: katriji yenye nafasi kubwa ni ghali kuitengeneza, na mchapishaji anaona afadhali anunue ndogo na tofauti uilipie wewe kwa bando lako. Isitoshe, si kwamba haiwezekani. The Witcher 3, gemu yenye dunia kubwa kiasi cha mtu kupotea ndani yake kwa miezi, ilikuja Switch Oktoba 2019 ikiwa imebanwa yote katika katriji ya GB 32. Waliotaka waliweza.

Na Switch 2 imeleta jambo ambalo mimi silipendi hata kidogo. Kuna katriji ambazo ndani yake hamna gemu, mna ufunguo tu. Unainunua, unaitia, kisha unapakua gemu yote kutoka mtandaoni. Na bado kila ukitaka kucheza lazima katriji iwe ndani. Umepata usumbufu wa pande mbili na faida ya upande mmoja, yaani unaweza kumwazima rafiki au kuiuza. Kwa mtu wa Tokyo mwenye intaneti ya nyuzi nyumbani, si neno. Kwa mtu anayenunua bando kwa vocha, amenunua boksi. Hata hivyo boksi halifichi: maelezo ya kwamba ni ufunguo tu yamechapishwa upande wa mbele, chini. Kwenye Switch za kwanza pia kulikuwa na utepe wa maandishi unaosema upakuaji unahitajika. Soma sehemu ya mbele ya boksi kabla ya kusoma bei.

Kwa sababu kupakua kwetu kuna bei, ndugu msikilizaji, ule ushauri wa wenzetu wa ng'ambo wa "futa tu, utapakua tena" siupokei mzima mzima. Gemu ya GB 13.4 kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde ni karibu saa tatu, tena kama haukukatika. Kwa hiyo usianze kufuta kwa kuangalia ukubwa peke yake. Switch ina sehemu inayokuonyesha gemu na mara ya mwisho ilipochezwa. Anza na ile ambayo haijaguswa tangu mvua za mwaka jana, hasa kama katriji yake iko kabatini, maana hapo utakachopakua tena ni masasisho tu. Halafu ushughulikie picha na video. Hizo unaweza kuzihamishia kwenye simu kwa kuskani alama ya mraba inayotokea kwenye kioo, ingawa inakupa picha 10 kwa wakati mmoja na video moja moja, au ukakiunganisha kifaa na kompyuta kwa waya zikatoka zote. Ukishanunua kadi, hamisha gemu kutoka ndani kwenda kwenye kadi badala ya kuzifuta na kuzipakua upya. Uwezo huo uliletwa kwa sasisho la mfumo la Aprili 2020, na wapo ambao hadi leo hawajui kwamba upo. Na kama lazima upakue, kiweke kifaa kwenye chaji, kilale, kitaendelea chenyewe usiku.

Nimebakisha lile la sevu, na ndilo linaloniudhi.

Tumeshasema iko ndani ya kifaa tu. Je, unaweza kuinakili kwenye kadi, ukaiweka sandukuni? Hapana. Kwenye kompyuta kwa waya? Hapana. Unaweza kuihamishia kwenye Switch nyingine, sharti zote mbili ziwepo na zote ziwe hai. Kinachobaki ni kuihifadhi mtandaoni, kwenye kompyuta za Nintendo, na hiyo ni kwa wanaolipia huduma yao iliyoanza Septemba 2018. Kwa mtu mmoja Marekani ni dola 20 kwa mwaka. Ukiacha kulipa, sevu zako hazisubiri milele. Una siku 180 za kurudi na kulipa. Tena si gemu zote zinazokubali. Pokémon Sword na Shield zimekataa, Splatoon 2 imekataa, na Animal Crossing: New Horizons, gemu ambayo mtoto hujenga kisiwa kwa mwaka mzima, ina utaratibu wake wa pembeni ambao lazima mtu auwashe mwenyewe kabla ya ajali.

Wanaoitetea Nintendo wanasema ni kuzuia udanganyifu. Kama mtu anaweza kunakili sevu, atampa rafiki zawadi ya Pokémon adimu, kisha arudishe sevu ya jana na Pokémon awe naye bado. Hoja hiyo ina uzito, kwa gemu za kubadilishana vitu. Lakini haielezi kwa nini gemu ambayo mtoto anaicheza peke yake, chumbani kwake, bila mtandao, isinakiliwe. PSP ya mwaka 2004 uliiunganisha na kompyuta kwa waya, ukafungua folda, ukanakili sevu zako zote kwa dakika moja, bila akaunti, bila kulipa mtu. Vita nayo, pamoja na ubahili wake wote wa kadi, iliruhusu nakala kwenye kompyuta. Steam Deck, konsoli ya mkononi ya Valve iliyotoka mwaka 2022, inapeleka sevu mtandaoni bure kwa gemu zinazokubali. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, limewahi kufanyika, na linafanyika. Nintendo wameamua kuuza kitu ambacho kilipaswa kuwa sehemu ya kifaa, na watoto wamo kati ya wateja wao. Kwa mzazi mwenye kuweza, naona huduma ile ilipiwe, kwa uchungu. Asiyeweza akichunge kifaa.

Kuna la mwisho kuhusu kufuta, nalo ni la wenye vifaa vya zamani. Kanuni ya "itarudi" inategemea duka kuwepo. Ununuzi uliokuwa umebaki kwenye PSP ulikomeshwa Julai 2021. Duka la Nintendo 3DS lilifunga mauzo tarehe 27 Machi 2023. Waliokuwa wamenunua bado wameruhusiwa kupakua tena, lakini kuruhusiwa si ahadi ya milele. Kama una 3DS yenye gemu ulizozilipia, usifute hata moja kwa ajili ya nafasi. Nunua kadi ya SD kubwa zaidi, nakili kila kitu kwa kompyuta kutoka kadi ya zamani kwenda mpya, na utumie hiyo katika kifaa kilekile.

Na likizo hii, kifaa kikisumbua na mkaamua kukipeleka kwa fundi, msikikabidhi na kuondoka. Mwambie fundi kabisa kwamba ndani yake kuna sevu na hutaki zifutwe. Akikuambia ni lazima kianzishwe upya, mwonyeshe kwamba Switch ina ukurasa wa matengenezo: kifaa kikiwa kimezimwa kabisa, unashikilia vitufe vyote viwili vya sauti kisha unabonyeza cha kuwashia. Katika ukurasa huo kuna chaguo la kuanzisha upya ambalo linafuta gemu na kuziacha sevu, na kuna lingine linalofuta vyote. Yanafuatana, na yameandikwa kwa Kiingereza. Simama hapo mpaka abonyeze lile sahihi.